ATI SHIDA NI MACHO YANGU?!! Yule muuza monita wa Luthuli Avenue, Nairobi, leo amenitusi mbele ya watu

Mama Kadi (mwanzilishi wa uzi)
Jameni, naandika nikitetemeka. Mnamjua. Yule wa ghorofa ya kwanza, mwenye stuli moja na maneno elfu. Leo ameniambia duka zima likisikia: "Mama, kioo hakina shida. Shida ni macho yako. Tafuta miwani kwanza."

MIMI! Mimi ninayepanga vitabu vya mazishi na kadi za harusi kutwa kucha, ninayeona koma iliyokaa vibaya nikiwa ng'ambo ya barabara!

Aliniuzia monita ya inchi 27, sanduku limeandikwa 4K hadi linapiga kelele. Kuiwasha, herufi zina meno. Ile "m" ndogo imevimba, miguu yake mitatu imeshikana. Nikageuza sanduku, chini kabisa kuna maandishi ya kusomwa kwa tochi: inapokea 4K, kioo ni 1920 × 1080. Ati inapokea! Hata mimi hupokea wageni wa kila aina, na sijawa wao.

4K ya monita ni 3840 × 2160, yaani pikseli, vile vidoti vinavyochora herufi na picha, zaidi ya milioni 8. Hii ina milioni 2 na kidogo. ROBO! Tena zimetandazwa kwenye kioo kipana. Zidisha 1920 kwa 1920, jumlisha 1080 mara 1080, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa 27: pikseli 82 kwa inchi. Laptopu yangu kuukuu ya inchi 15.6, ya 1366 × 768, ina 100! Nimelipa pesa nirudi nyuma! 4K ya kweli ingenipa 163.

Nikarudi dukani, nikampigia hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu pale pale. Akatazama, akacheka, ndipo akaleta hayo ya macho. Mbele ya kijana wa kubeba mizigo! Kama ni macho, mbona simu hii ya inchi 6.5, ya 1080 × 2400, karibu 400 kwa inchi, naisoma sawasawa? Macho yanaharibika nikigeukia monita tu?

Fundi wa Roysambu
Pole dada. Huyo alimwambia jamaa yangu kwamba pikseli huongezeka kioo kikizoea.

Buda wa Kona
Lakini mama, miwani unavaa ama huvai? Jibu tu.

Mama Kadi
Wewe umetumwa naye? NIMESEMA HERUFI ZINA MENO.

Kijana wa Umoja
Sukuma kiti nyuma. Ukikaa mbali jicho halitenganishi pikseli, ndiyo maana TV kubwa ya 1080 iko sawa ukutani.

Mama Kadi
Ofisi yangu ni futi sita kwa sita. Nisukume kiti hadi River Road? Na mtu aniambie macho yangu!

Msomaji wa Usiku
Afadhali wewe. Monita yangu ni 4K kweli, lakini nikauziwa laptopu ya ex-UK, yaani iliyotumika Uingereza, yenye HDMI 1.4, lile tundu la zamani la waya wa monita. 4K inatoka picha 30 tu kwa sekunde, mshale unajikokota.

Binti wa Ngara
Ex-UK usiniambie! Yangu ilikuja na kibodi ya Kifaransa. Nabonyeza A, inatoka Q.

Fundi wa Roysambu
Hiyo ni kubadilisha mipangilio na kubandika stika. Nafanya kwa 300.

Buda wa Kona
300 ya stika? Hawa ndio wale wale.

Fundi wa Roysambu
Stika na kazi, buda. Nauli utanilipia wewe?

Mama Kadi
Jameni, si nimeambiwa MACHO YANGU? Mbona tuko kwa stika?

Binti wa Ngara
Fundi, hizo stika zinang'oka haraka? Na ziko za rangi nyeusi?