Naomba ushauri: vijana wangu wateteeje umeme wa nyuklia?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara. Kwenye mdahalo, wanafunzi wangu wamepangiwa kutetea nyuklia dhidi ya gesi, na huku ukiiponda gesi ya Mnazi Bay utazomewa tu (vurugu za 2013 za kupinga bomba la gesi kwenda Dar watu hawajazisahau). Ajali za mitambo ya nyuklia, Chernobyl 1986 na Fukushima 2011, watarushiwa mapema. Hapo jibu ninalo: kwa kila uniti ya umeme, moshi wa makaa ya mawe umeua watu wengi kuliko nyuklia. Kinachonisumbua ni taka zake, zinazobaki na mionzi maelfu ya miaka. Niwape hoja gani isiyo ya uongo? Na urani (madini ya kuendeshea mitambo ya nyuklia) ya Mto Mkuju, kule Namtumbo, waiguse au waiache?