Familia ya watu watano kwenda nje: stendibai, ZED, au tiketi ya punguzo yenye nafasi?

MpakiaMizigo
Habari wakuu. Nina miaka minne kwenye shirika la ndege, kitengo cha mizigo. Stendibai, yaani kupanda kiti kikibaki tu, nimeitumia mara nyingi, ila nikiwa peke yangu au na mke wangu, safari fupi, na sijawahi kuachwa. Sasa tunataka kwenda kumwona dada yangu nje ya nchi, saa tisa angani. Tuko watano: mimi, mke wangu, watoto wa miaka 9 na 4, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Likizo ya shule ni wiki tatu.

Njia ya kwanza ni stendibai ya shirika letu, ndege ya moja kwa moja, moja tu kwa siku, tunalipa kodi na ada basi. Ya pili ni nauli za ZED, punguzo la wafanyakazi wa mashirika ya ndege, nalo la stendibai, kwenye shirika lingine: tunaunganisha mara moja, lakini wana ndege tatu kwa siku. Ya tatu ni tiketi za wafanyakazi za nusu bei, R1, nafasi imeshikwa. Mke wangu anataka ya tatu. Mimi naitazama ile fedha naona ingetufaa sana huko tuendako. Nawasilisha.

KauntaYaUsiku
Mkuu, mimi nipo getini mwaka wa kumi na moja, nikueleze tunavyofanya. Mkijiandikisha watano pamoja, mnahitaji viti vitano. Vikibaki viwili, nawaruka na kumwita anayefuata aliye peke yake, labda mkubali kugawanyika. Jibu nalihitaji papo hapo, mlango unafungwa. Mwenye watoto hawezi kuamua jambo hilo vizuri akiwa amesimama mbele yangu, kwa hiyo amueni nyumbani nani anapanda na nani.

Halafu kiti kitupu bado si chako. Wewe unapakia, unajua: siku ya joto kali au upepo wa mbele uzito unabana, ndege inaondoka na viti vitupu na watu wa stendibai wamebaki. Kwa saa tisa hili hutokea zaidi kuliko kwenye safari fupi ulizozoea.

Na mama: kiti cha magurudumu kiombwe mapema. Majina ya stendibai yakiitwa mwishoni kabisa, kumfikisha mtu mwenye magoti mabovu mlangoni ni mbio, na mbio hizo atazikimbia yeye.

MamaPacha
Sisi tulikwenda vizuri, tukakwama kurudi. Wanne, siku mbili uwanjani, mwisho wa likizo. Mwanangu wa miaka mitano alikuwa amevaa begi lake mgongoni, na kila jina likiitwa anasimama. Likiwa si letu anakaa tena. Usiku wa pili hakusimama. Nilimwangalia nikajua sitarudia.

Nilichojifunza: walioachwa leo wanaongezwa kwenye orodha ya kesho. Njia yenye ndege moja kwa siku, mwisho wa likizo, foleni inakua tu. Hoteli na chakula vilikula karibu chote tulichookoa. Nenda kwa stendibai ukitaka, lakini kurudi shika nafasi.

MpakiaMizigo
@MamaPacha pole sana dada. Hilo la kurudi sikulifikiria kabisa. Na ZED je? Ndege tatu kwa siku si afadhali?

Ratiba_Ndefu
Kwa mtu mmoja, ndiyo. Kwa watano, hapana. Kwenye ndege za shirika lingine wafanyakazi wao na familia zao wanatangulia, hata ungekuwa na miaka thelathini kazini. Na kuunganisha maana yake mnasubiri bahati mara mbili. Mkikwama katikati, hamko kwenu wala hamjafika.

Hapo ndipo viza inapouma. Ndege ikijaa utatamani kuzunguka kupitia nchi nyingine, na kumbe nchi hiyo inataka viza ya kupita hata kwa asiyetoka uwanjani. Kagua kila njia ya akiba kwa kila pasipoti kabla hujaondoka. Viza ya kuingia mara moja nayo ukishatoka, huwezi kurudi nyuma kulala kwa dada.

Msitegemee fidia pia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004, inayowalinda abiria ndege ikichelewa au kufutwa, haimhusu anayesafiri bure au kwa punguzo lisilouzwa kwa umma.

Ila ZED ina faida moja naipenda: usipoitumia, kwa kawaida fedha inarejeshwa. Kwa hiyo ni akiba nzuri, ukisoma masharti kwanza. Hali ya viti waulize wenzako kwenye StaffTraveler, programu ya simu ya wafanyakazi wa mashirika ya ndege, siku chache kabla, na uulize pia wangapi wamejiandikisha stendibai, maana viti ishirini kwa watu thelathini ni sifuri.

MpakiaMizigo
Nimekaa na mke wangu jana, tumesoma yote. Kwenda: mama, mke wangu na mdogo wanachukua R1. Mimi na mkubwa tunafuata kwa stendibai ya moja kwa moja, siku za mwanzo za likizo, na ZED mbili mfukoni kama akiba. Kurudi: wote watano R1, siku nne kabla shule hazijafunguliwa. Mama alikuwa akisikiliza tu, mwisho akasema, "Mimi nilikuwa naogopa kuwachelewesha." Kiti cha magurudumu nimeomba leo asubuhi. Kuna tulichosahau?

KauntaYaUsiku
Mawili. Pasipoti ya mkubwa ibaki kwako, isije ikaondoka kwenye mkoba wa mama yake. Na mke wako akuandikie barua ya idhini iliyosainiwa, kwa sababu mtoto akisafiri na mzazi mmoja, mpakani wanaweza kuuliza. Yeye naye abebe yako kwa ajili ya yule mdogo.

MpakiaMizigo
Barua zote mbili tunaziandika leo jioni. Asante, mkuu.