Trela la kulala kwa familia ya watu watano: nafasi ya vitu hupimwaje?

Mama wa Watatu aliuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi na mume wangu tunaishi Minneapolis, Marekani, na watoto wetu watatu, na tumekusudia kununua trela la kulala lililokwisha kutumika, lenye urefu wa kama mita 7, ili mwezi wa Julai tulivute kwa pikapu yetu hadi hifadhi ya taifa ya Yellowstone. Tumebakiwa na mawili ya kuchagua. La kwanza lina makabati ya juu pande zote, nami niliyahesabu yakafika kumi na matatu. Tena kochi na meza yake vimo katika sehemu ya ukuta ambayo husogezwa nje kwa mota mkishafika kambini. La pili halivutii macho: makabati ni machache na vitanda vya deka viko nyuma, ila chini ya kitanda kikubwa cha mbele kuna stoo inayopenya kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, yenye mlango kila upande.

Mume wangu ameshikilia la kwanza kwa ajili ya yale makabati. Mimi moyo unasita, lakini nikiulizwa sababu sina. Tukisafiri tunapika chakula chetu, kwa hiyo tutabeba sufuria kubwa, unga, mchele, jiko la mkaa, viti vya kukunja na baiskeli mbili za watoto. Mtu hupimaje nafasi ya vitu kabla hajatoa fedha yake?

Dereva wa Masafa alijibu:

Dada, kabla ya kuhesabu makabati, fungua mlango wa trela usome kibandiko kinachotaja uzito wa mizigo usiopaswa kuzidishwa. Nimeendesha malori kwa miaka mingi nyumbani na huku, na kosa ninaloliona kwa wenye matrela ya kulala ni lilelile la mwenye lori: kudhani kwamba palipo na nafasi pana ruhusa ya kupakia. Trela lenye makabati kumi na matatu linaweza kuwa limeruhusiwa kilo 400 tu za mizigo, kwa kuwa makabati yenyewe, ile mota na ukuta wake wa kusogea vimekwisha kula sehemu ya uwezo wa ekseli. Kumbuka pia kwamba maji yanahesabiwa kuwa mzigo. Tangi la galoni 40 lililojaa ni lita 150 na ushei, yaani kilo 150 na ushei, na hapo hujaingiza hata kijiko.

Jambo la pili ni mahali pa kuweka uzito. Sehemu ya uzito wa trela lililopakiwa, kati ya asilimia 10 na 15, inatakiwa ikae kwenye ndoano ya gari, yaani pale trela linapofungwa nyuma ya pikapu. Trela la kilo 3,000 litaiegemea pikapu yako kwa kilo 300 hadi 450. Ukirundika vizito nyuma, ndoano inakuwa nyepesi na trela linaanza kuyumba barabarani kama mkia wa mbwa, na likishaanza kuyumba kwa kasi kubwa si rahisi kulituliza. Kwa hiyo baiskeli usizitundike kwenye bampa ya nyuma, ambayo katika matrela mengi ni bomba jembamba tu lisilotengenezwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, ile stoo ya mbele unayoipenda nayo ina mtego wake: ukiijaza vyuma na mkaa, uzito wote unaiangukia ndoano. Vizito viwe chini, karibu na ekseli, vikielekea mbele kidogo.

Mkishapakia, piteni kwenye mizani ya malori iliyopo katika vituo vikubwa vya mafuta kando ya barabara kuu. Pimeni gari likiwa na trela, kisha mlifungue trela mpime gari peke yake. Tofauti ya uzito kwenye ekseli za gari itawaonyesha ndoano inabeba kilo ngapi.

Seremala wa Ughaibuni alijibu:

Ninakubaliana na kaka Dereva, nami naongeza la ufundi. Makabati ya juu katika matrela mengi hujengwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyoshikizwa kwa pini, na plaiwudi yake unaweza kuibonyeza kwa kidole. Weka humo nguo, majani ya chai na vikombe vya plastiki. Sufuria na mfuko wa unga vikikaa juu, mtikisiko wa safari ya kilomita 1,500 utalegeza bawaba, na mlango ukifunguka njiani mtaukuta mchele sakafuni. Msidhani pia kwamba rafu ya ziada itashika popote, kwani nyuma ya ukuta huwa hakuna kitu ila sponji. Tafuteni kwanza mbao au chuma kilipo ndipo mfunge skrubu.

Bibi Msafiri alijibu:

Mwanangu, mwombe muuzaji aufunge ule ukuta wa kusogea, kisha ingia ndani ukiwa na wanao wote watatu. Je, friji inafunguka? Mlango wa choo unafunguka? Mtasimama njiani mara nyingi, na hakuna atakayetaka kuwasha mota katika maegesho ya dukani kwa sababu mtoto amebanwa na haja. Chukua na sufuria yako kubwa kabisa, uijaribu kwenye jiko na kwenye sinki. Halafu uliza meza: kama ndiyo inayogeuzwa kitanda, basi kila usiku mtaishusha na kila asubuhi mtaipandisha, na kilichohifadhiwa chini ya viti hakitafikiwa mtoto akiwa amelala juu yake.

Chini ya godoro usijaze vitu hadi juu. Pumzi za watu watano usiku wa baridi hugeuka maji, na mimi nilivua godoro langu mwezi wa tatu nikakuta ukungu mweusi.

Mama wa Watatu aliandika tena:

Nimerudi kutoka kwa muuzaji. Trela la kwanza, ukuta ulipofungwa, friji ilifunguka kiasi cha kupitisha mkono tu, na kibandiko kilisema pauni 890, kama kilo 400 alizozitaja kaka Dereva. La pili kilisema pauni 1,620. Mume wangu alikisoma mara mbili, akanyamaza, kisha akaenda kupima kama baiskeli zitalala kwenye ile stoo. Zinalala, mradi tuzifungue magurudumu ya mbele. Jiko la mkaa tumeamua libaki kwenye pikapu.