Vifaranga vya kanga siku za mwanzo: tishu, mpira, gunia au maranda?

Mlezi Mpya
Habari zenu wafugaji. Mayai yangu 16 ya kanga yamefika siku ya 25 kwenye mashine ya kutotolesha. Bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, ni boksi la kadibodi lenye taa. Nina magazeti, gunia safi, maranda na vumbi la mbao. Nitandike nini? Msimu uliopita niliweka magazeti, vifaranga watatu wakatanuka miguu, ikaenda pembeni wasiweze kusimama, na wote nikawapoteza. Sitaki kuyaona tena yale.

Mama Kishungi
Pole sana ndugu yangu. Gazeti linateleza, na kifaranga wa kanga ni mdogo mno kuliko wa kuku. Mimi siku 4 za mwanzo natandika tishu nene za jikoni, zile zenye vinundu. Inama uwatazame: utaona kucha zinashika vile vinundu kila wanapopiga hatua. Chakula namwaga kidogo juu yake, wajue kipi ni cha kudonoa. Nabadilisha asubuhi na jioni.

Banda la Nyuma
Tishu ni nzuri ila zinalowa haraka. Mimi natumia ule mpira wa matundu wa kutandika kwenye droo. Unaoshwa, unaanikwa, unarudi. Gunia hapana! Niliwahi kukuta uzi umemzunguka kifaranga kidole mara tatu, kidole kimevimba na kuwa cheusi. Nilikata kwa mkasi wa kucha. Alipona, lakini kidole kilikatika.

Mzee wa Randa
Vumbi la mbao liondoe kabisa. Wanalila wakidhani ni chakula, gole (mfuko wa chakula shingoni) linajaa na kuziba. Maranda makubwa ni salama, lakini subiri wiki ya kwanza ipite wawe wameshazoea chakula chao, kisha tandika kina cha sentimita 5 au zaidi. Uliza pia yametoka mti gani. Ya mwerezi yana harufu kali inayoumiza mapafu, hasa chini ya taa. Na yakinuka ukungu, usiyaingize hata kidogo.

Mlezi Mpya
Asanteni. Na akitokea mmoja ametanuka miguu?

Mama Kishungi
Usingoje kesho. Mfunge miguu yote miwili kwa ukanda laini wa plasta, ukiacha nafasi ya kusimama kawaida. Akiwahiwa, mara nyingi siku chache tu zinatosha. Halafu jamani, maji! Weka kokoto safi kwenye sahani ya maji, maana kanga wachanga wakilowa wanapoa na kufa hata joto likiwa nyuzi 35. Matandiko mabichi ndiyo yanayochochea koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo.

Mlezi Mpya
Siku ya 26 alfajiri: yai la kwanza limetoboka, nasikia sauti ndani. Nimetandika mpira, tishu juu yake, kokoto zipo majini. Gunia nimelirudisha stoo.