Naomba ushauri: Wi-Fi ya hosteli za chuo hapa Dodoma, wanafunzi 1,440

Binti_Iyumbu

Wakuu habari za jioni. Mimi ni ofisa Tehama katika chuo kimoja hapa Dodoma. Tuna hosteli nne, kila moja ina ghorofa tatu, kila ghorofa vyumba 20, kila chumba wanafunzi sita. Mtandao uliopo ni rauta za nyumbani zilizofungwa hapa na pale, kila moja na nywila yake. Ikifika saa tatu usiku hata ukurasa wa maktaba haufunguki. Vijana wanakaa kwenye ngazi za nje, na upepo wa Julai mnaujua, ili tu watume kazi kwa mwalimu. Nami nilisoma hivyo hivyo, kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Uongozi umekubali kutenga fedha. Natakiwa kupeleka vigezo vya kiufundi kitengo cha ununuzi kabla ya mwisho wa mwezi, kisha zabuni ipite NeST, ule mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Nimeomba makadirio kwa wauzaji watatu: wa kwanza ameleta vifaa vya Wi-Fi 7, toleo jipya kuliko Wi-Fi 6, vyenye leseni ya kulipia kila mwaka, wa pili vifaa vya chapa ya UniFi vya Wi-Fi 6, wa tatu vya chapa ya Omada vya Wi-Fi 6. Wote wamechora aksesi pointi (vile vifaa vya kurushia Wi-Fi) nne kwenye korido ya kila ghorofa, jumla 48, na kila mmoja anasema kifaa chake kinabeba mamia ya watu. Nipime kwa kuangalia nini?

kijana_wa_Nkuhungu

Chukua Wi-Fi 7 mkuu, umalizane nayo. Miaka mitano hakuna atakayekugusa.

Mzee wa Masafa

Binti yangu, usianze na jina la kampuni. Anza na simu za wanafunzi. Pita ghorofa moja, chumba kwa chumba, uone wanatumia nini. Utakuta Tecno, Infinix na itel za bei ya chini, na baadhi yake zinashika bendi (kundi la masafa ya redio) ya gigahezi 2.4 peke yake. Faida kubwa za Wi-Fi 7 zinatokana na bendi ya gigahezi 6 na chaneli (vijia ndani ya bendi) pana sana. Simu isiyo na bendi hiyo haipati chochote humo, na fedha yako imeshaondoka.

Hayo mamia ya watu ni idadi ya vifaa vinavyoweza kujiandikisha. Kuhudumiwa ni habari nyingine. Chaneli moja ni kama kikao cha kijiji: akiongea mmoja, wengine wananyamaza. Simu ya zamani iliyo mbali huongea polepole na kula muda wa wote. Mimi nikipanga hosteli sizidishi watu 40 wanaotumia kwa pamoja kwenye aksesi pointi moja.

Sasa michoro yako. Hiyo ya korido ikatae, hata kama imetoka kwa wauzaji wote watatu. Korido ndefu ni kama bomba. Aksesi pointi nne zitasikilizana vizuri kabisa zenyewe kwa zenyewe, zikingojeana, huku mwanafunzi yuko nyuma ya ukuta wa tofali za saruji. Ziingize vyumbani, moja kwa kila vyumba vinne. Utapata tano kwa ghorofa, 60 kwa hosteli zote. Na zipishane, ya ghorofa ya juu isikae sawasawa juu ya ya chini.

Kwenye gigahezi 2.4 chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Kwa hiyo kati ya hizo tano, iache bendi hiyo kwenye mbili, kwingine izime. Kwenye gigahezi 5 tumia upana wa megahezi 20. Muuzaji atakwambia 80 kwa sababu kipimo cha kasi kinapendeza akiwa peke yake chumbani. Hosteli ikijaa, 80 inakumalizia chaneli. Zima pia zile kasi za zamani za megabiti 1 na 2.

Nguvu ya kurusha usiipandishe hadi mwisho. Ukiipandisha umekuza sauti ya upande mmoja. Simu itaonyesha vijiti vyote, lakini sauti yake yenyewe haifiki kule juu, na mwanafunzi atakwambia mtandao umejaa ila haufanyi kazi.

Binti_Iyumbu

Shikamoo mzee, na asante sana. Kesho naanza kupita vyumbani.

Mzee wa Masafa

Marahaba. Pita jioni, wakiwa wamerudi.

fundiwaya_dom

Dada, mimi navuta kebo, nitaongelea waya na umeme, maana huko ndiko miradi mingi inakofia.

Aksesi pointi zinapata umeme kwa kebo ile ile ya mtandao, kutoka kwenye swichi inayogawa mtandao; njia hiyo inaitwa PoE. Swichi inaweza kuwa na poti 24 za PoE lakini wati zake kwa jumla ni 370. Una aksesi pointi 15 kwa kila jengo. Zikihitaji wati 30 kila moja, hiyo ni 450, swichi haitoshi. Zikihitaji 20, inatosha. Kwenye proforma, yaani makadirio ya bei ya muuzaji, angalia jumla ya wati. Uzuri wa PoE ni kwamba UPS moja (betri ya akiba) kwenye kabati la swichi inashika Wi-Fi ya jengo zima umeme ukikatika.

Kebo: madukani kuna ya aluminiamu iliyopakwa shaba, inauzwa kama Cat6. Inapata joto na umeme unapungua njiani. Kwangua uzi wake kwa wembe, ukiona nyeupe ndani irudishe. Andika kwenye vigezo "shaba tupu", na kila kebo iliyovutwa ipimwe, isizidi mita 100 ukijumlisha na vipande vya mwishoni.

Kati ya jengo na jengo weka faiba, kebo ya nyuzi za kioo. Sehemu niliyofanya kazi zamani waliunganisha majengo kwa kebo ya shaba ili kuokoa fedha. Januari ikapiga radi moja, swichi tatu zikaungua siku hiyo hiyo. Nilizishika kwa mikono yangu, zinanuka moshi. Faiba haipitishi umeme. Na kabati lifungwe waya wa ardhini ipasavyo, lizibwe vumbi. Vumbi letu linaingia hadi kwenye feni.

NyotaYaIhumwa

Nimewahi kukaa kwenye kamati za tathmini. Mambo matatu kwa haraka. Bei ilinganishwe kwa miaka mitano, leseni ikiwemo. Chapa ya Meraki, kwa mfano, inakwenda na leseni ya muda, wakati UniFi na Omada unaweza kuendesha kontrola (programu ya kusimamia aksesi pointi zote) kwenye seva yako bila kulipia kila aksesi pointi. Leseni si kosa, huwa inakuja na msaada wa kweli, ila bajeti ya mwaka wa tatu inatoka wapi? Pili, usitaje kampuni kwenye vigezo. Taja kazi: viwango, wati, kuhama kutoka aksesi pointi moja hadi nyingine bila simu kukatika, vifaa viwe vimethibitishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Tatu, weka sharti la majaribio ndani ya jengo kabla ya kupokea mradi. Na kama ukurasa wa kuingilia utaomba namba za simu za wanafunzi, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mama_Makulu

Samahani kuuliza, intaneti yenyewe inayoingia chuoni ni kiasi gani?

Binti_Iyumbu

Megabiti 200 kwa sekunde, dada.

Mama_Makulu

Wakiwa hewani 700 kwa wakati mmoja, kila mmoja anapata chini ya theluthi ya megabiti. Hapo hata Wi-Fi 7 haikusaidii. Ungechukua vifaa vya bei ya kati, kinachobaki kiongeze intaneti.

Binti_Iyumbu

Wakuu nimerudi, ni wiki ya pili sasa. Nilipita vyumbani, karibu theluthi ya simu zinashika 2.4 peke yake, na sikuona hata moja yenye gigahezi 6. Wi-Fi 7 nimeiondoa. Muuzaji mmoja alikubali kuniazima aksesi pointi mbili. Niliziweka kwanza koridoni, halafu vyumbani, saa tatu usiku hosteli ikiwa imejaa. Koridoni simu ya WhatsApp ilikatika nilipoingia chumba cha tatu na kufunga mlango. Vyumbani nilitembea ghorofa nzima nikiongea na mama yangu, hakuna kilichokatika. Vigezo nimeandika upya: aksesi pointi 60, Wi-Fi 6, faiba kati ya majengo, na ombi la kupandisha intaneti nimeliambatanisha. Swali moja limebaki: chuo hakina kifaa cha kupimia kebo, na mkandarasi asijipime mwenyewe. Nani anacho hapa mjini?

fundiwaya_dom

Ninacho dada, nipo Nzuguni. Mkandarasi akimaliza jengo la kwanza niite kabla hajagusa la pili.