Achilles alifiwa, sawa. Lycaon alimkosea nini?

Nauweka mjadala huu kwa sababu kila Achilles anapotajwa, hakosi wa kumtetea: "Muacheni, alikuwa na msiba." Ati msiba unafuta kila kitu?

Kwa ambaye hajaisoma Iliad, utenzi wa kale wa Homer kuhusu vita vya Wagiriki na mji wa Troy: Achilles, shujaa wa Wagiriki, kasusa vita baada ya kugombana na mkuu wao, Agamemnon. Patroclus, rafiki yake wa kufa na kuzikana, anamwomba mavazi yake ya vita akawaokoe wenzao. Achilles anampa, ila anamwonya asiwafukuze adui mpaka Troy. Patroclus hasikii, na Hector, mwana wa mfalme wa Troy, anamuua. Kuanzia hapo Achilles hashikiki. Anamuua Hector na kuiburura maiti yake kwa gari la farasi, wazazi wake wakitazama kutoka ukutani.

Wengi hubishania maiti hiyo. Hapo mimi nalegeza kidogo, maana Hector naye alikusudia kumkata Patroclus kichwa. Nisipolegeza ni kwa Lycaon.

Huyu ni kijana wa Priam, mfalme wa Troy na baba yake Hector. Achilles aliwahi kumteka akamuuza kisiwani Lemnos. Kakombolewa, kakaa nyumbani siku 11, ya 12 anakutana na Achilles yule yule mtoni. Hana ngao, hana mkuki. Mkono mmoja unashika goti la Achilles, mwingine umeng'ang'ania mkuki wake. Anajitetea kwamba yeye na Hector wamechangia baba tu, mama mbalimbali. Achilles anamwita "rafiki", anamwambia hata Patroclus kafa naye alikuwa bora kuliko yeye, kisha anamchoma upanga na kumtupa mtoni aliwe na samaki.

Lycaon hakumgusa Patroclus. Na papo hapo Achilles anakiri kwamba zamani aliwahurumia watu wa Troy, wengi akawauza wakiwa hai. Kwa hiyo huruma aliijua. Kwa mama yake, Thetis, alishatamka kinachomla: rafiki yake kafa yeye hayupo kumsaidia. Mdaiwa ni yeye mwenyewe, lakini deni analidai kwa kila anayepita mbele yake.

Mtaniambia: mbona baadaye alilia pamoja na Priam, mzee aliyembusu mikono iliyowaua wanawe, akamrudishia maiti ya Hector? Kweli, na hata mimi pale huwa nalainika. (Mkuki kwa nguruwe, lakini, vijana 12 wa Troy ambao Achilles aliwachinja kwenye moto wa kuchomea maiti ya Patroclus nao walikuwa na baba zao.) Ila angalieni anachofanya usiku ule. Anaagiza maiti ioshwe pembeni, Priam asiione, maana mzee akipandwa na hasira naye atapandwa, na anaweza kumuua. Msiba bado mbichi, bado anamlilia Patroclus, na bado anajijua na kujizuia.

Anayemtetea anijibu hapo tu: mtoni kilimshinda nini?