Mrejesho: Usukani uliokuwa unatetemeka baada ya kuinua gari

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu gari langu la 4x4 ambalo, baada ya kulifungia springi ndefu zaidi ili liinuke sentimita 5, usukani ulianza kutetemeka vibaya kila nikigonga shimo nikiwa kwenye kilomita 70 kwa saa.

Wengi mlisema nibadilishe shokapu ya usukani (ile inayotuliza mitikisiko ya usukani). Nashukuru sikuanzia hapo, maana ingeficha ugonjwa tu. Nilimfuata aliyesema nisilipige jeki: gari likae chini kwa matairi yake, injini ikiwaka, breki ya mkono juu, mtu azungushe usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mimi niangalie chini. Tatizo likajionyesha lenyewe. Ile rodi ndefu inayozuia ekseli ya mbele isihame pembeni ilikuwa inacheza kwenye bolti yake karibu milimita 3 kabla ekseli haijafuata. Bushi yake (kipande cha raba ambamo bolti inapita) ilikuwa imepasuka, na raba inamomonyoka kwa kidole.

Kutoa bushi ya zamani kulinila siku nzima. Nikaweka mpya, na bolti nikazikaza mwisho kabisa gari likiwa limeshakaa chini na uzito wake. Ukikaza likiwa hewani, raba inajikunja na kufa mapema.

Mtetemo umeisha. Ila usukani bado haurudi wenyewe vizuri baada ya kona, kwa sababu kuinua gari kumepunguza kasta, yaani ule mwinamo wa kuelekea nyuma wa mhimili ambao magurudumu ya mbele hukatia kona, unaosaidia usukani kurudi katikati. Bushi za kurekebisha hiyo nafunga wiki ijayo, kisha alaimenti (kupima na kunyoosha magurudumu). Asanteni sana.